Mdunguaji wa mpakani: Namna ya kulenga vyema katika PUBG Mobile ukiwa Busia au Tororo

Katika PUBG Mobile, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2018, wachezaji hadi 100 hushuka kisiwani na mshindi ni yule anayesalia hai mwisho. Anayeogopwa zaidi miongoni mwao ni mdunguaji. Hata hivyo, kwa anayecheza Busia au Tororo, risasi ina safari ndefu kuliko inavyoonekana kwenye kioo.

Bunduki ya kuanzia ni Kar98k. Risasi yake moja ya kichwa humwangusha hata aliyevaa kofia ya daraja la pili. Kofia ya daraja la tatu huhitaji bunduki kama AWM, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye makreti yanayodondoshwa na ndege. Makreti hayo huwavuta wengi, na mara nyingi anayeyatazama kwa mbali hufaidika kuliko anayeyakimbilia.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kumlenga mtu mahali alipo. Risasi ya Kar98k husafiri takriban mita 760 kwa sekunde, hivyo hufika mita 300 baada ya karibu sehemu nne za kumi za sekunde. Anayekimbia mita 6 kwa sekunde atakuwa amekwishasogea zaidi ya mita 2. Lenga mbele yake, na juu kidogo, kwa kuwa risasi hushuka kadiri inavyokwenda. Ukikosa, subiri asimame. Risasi ya pili ya pupa humwonyesha ulipo.

Usilale kileleni. Aliyesimama juu ya Mwamba wa Tororo huonekana dhidi ya mbingu na kila aliye chini. Ndivyo ilivyo mchezoni. Shuka kidogo kutoka ukingoni, na uhame baada ya kudungua.

Linalobaki ni mtandao, na hapa ndipo mpaka unapoingia. Busia ni miji miwili iliyoshikana, na simu iliyo Sofia au Marachi huweza kunasa mnara wa nchi jirani. Ikihama mtandao katikati ya pambano, picha huganda, na ukirejea huenda umekwishauawa. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki na uchague kampuni ya laini yako mwenyewe.

Kisha chagua seva ya Ulaya au Mashariki ya Kati. Sehemu kubwa ya data ya Uganda hupita Kenya hadi Mombasa, zinakoanzia nyaya za baharini kama TEAMS, iliyofika Fujairah mwaka 2009 kwa safari ya takriban kilomita 5,000. Jaribu seva zote mbili na ulinganishe ucheleweshaji, ambao mchezo huuonyesha kwa milisekunde. Kila milisekunde 100 zinazoongezeka humpa mkimbiaji yule nusu mita nyingine na zaidi.

Gharama nayo si ndogo. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwa data, badala ya shilingi 200 za kila siku zilizotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia 2018. Pambano lenyewe halili bando nyingi. Masasisho ndiyo huimaliza. Yapakue usiku, au penye Wi-Fi, na uzime yale ya kiotomatiki.