Manju na Umati: Kiongozi Mwenye Hekima katika Ngoma za Usukuma

Yafaa kuitazama jamii kwa namna inavyomwigiza kiongozi wake. Katika michezo mingi ya jukwaani yenye nyimbo, mzee mwenye hekima huingia na mvi zake na mkongojo wake, akatoa neno, na wote wakatii. Watazamaji nao wameketi. Hawana la kufanya ila kusikiliza. Usukumani uwanja wa ngoma ulifundisha jambo jingine.

Ngulyati imo katika wilaya ya Bariadi, nchi ya Wanyantuzu, ambao ni Wasukuma wa upande wa mashariki. Wilaya hiyo ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Simiyu. Katika Usukuma, mavuno yakiisha na kiangazi kikaingia, huja msimu wa mashindano ya ngoma. Washindani hugawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi ya wazee huzihusisha na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha.

Siku ya mashindano vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Umati ndio mwamuzi: upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Mbele ya kila kikundi husimama manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yeye hutunga, huongoza wimbo, na wachezaji humwitikia. Husifu kilimo, hukemea uvivu, humtania mpinzani, hukumbusha yaliyopita. Lakini hana amri juu ya watazamaji. Akiimba maneno matupu, watu humhama, na aibu yake huonekana na wote. Hata dawa alizosifiwa kuwa nazo zilikuwa za kuvuta watu. Maana yake, kila nguvu aliyoitafuta ilikuwa ya kupata ridhaa yao.

Sheria hiyo ya uwanjani haikuwa mbali na ile ya utawala. Mtemi alichaguliwa kwa shauri la wazee walioitwa banang'oma, na nchi ikipatwa na ukame au njaa aliweza kuondolewa. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ngoma haikufutwa.

Wakati huo Taifa lilikuwa limeanza kujenga utamaduni wake. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962. Ngoma za vijijini zikaalikwa katika sherehe na mapokezi ya wageni. Zilipata heshima na kujulikana nchini kote. Hata hivyo, zilifupishwa, na manju akageuzwa uso: badala ya kuuimbia umati wenye hiari ya kuondoka, akaiimbia meza ya wageni. Mizani yake ya zamani ikapungua uzito.

Waandishi wetu wa tamthilia hawakulisahau swali hili. Katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kiongozi wa Maji Maji analeta neno la umoja, kisha neno hilo linakuwa kubwa kuliko yeye. Watu wanalichukua na kwenda nalo vitani kabla ya wakati alioutaka. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kulikana, kwa kuwa si lake peke yake tena. Hapo pia hekima ya kiongozi inapimwa kwa wale wanaomsikiliza.

Kwa hiyo mwalimu anayetayarisha mchezo na wanafunzi wake asiridhike kumvika mzee mgolole na kumpa methali. Ampe kibwagizo ambacho wengine wanaweza kukiitikia au kukinyamazia. Ikiwezekana, mchezo na uchezwe nje, watazamaji wakiwa wamesimama. Wakianza kuondoka, wanafunzi watakuwa wamejifunza jambo ambalo kila manju wa Usukuma alilijua.