Kinanda sindikizi na staili zake

Mpigaji kinanda wa ohangla, muziki wa Wajaluo, anayetoka Kisumu kwenda kutumbuiza harusi Ahero au matanga Bondo habebi bendi. Hubeba kinanda cha vibonye 61, stendi, nyaya mbili tatu, na flashi mfukoni. Riziki yake imo ndani ya ile flashi: faili za staili, kila moja ikiwa na besi yake, gitaa la ridhimu, ngoma na vikorombwezo, vyote vikingoja mkono wa kushoto. Viwandani chombo hiki huitwa "arranger". Wapigaji wenyewe husema kinanda, basi, na wakitaka kukitenga na sinthesaiza au piano ya umeme husema arenja. Shida huanza pale mtu anapotaka kukiandika kwa Kiswahili, iwe katika kitabu cha muziki cha shule au kwenye tangazo la duka.

Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni "kinanda mpangaji". Lakini mpangaji, kwa msomaji wa kawaida, ni mtu aliyekodi chumba. Na kwa kuwa wapigaji wengi wameshazoea kuita mkusanyiko wa noti tatu nne "kodi", maelezo ya matumizi yatasomeka hivi: mpangaji husubiri kodi ndipo aanze. Mwenye nyumba yeyote wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, atashangaa. Utani kando, neno hilo linakosea kuhusu kazi yenyewe. Kupanga muziki ni kuamua nani apige nini, aingie lini, anyamaze wapi. Kinanda hakiamui hayo. Yameshaamuliwa na fundi aliyeunda staili, pengine miezi kabla, akiwa chumbani kwake na spika za masikioni. Fundi huyo ndiye mpangaji, na Kiswahili hakina haja ya kumnyang'anya jina lake na kukipa chombo.

Usiku wa sherehe kinanda hufanya jambo jingine: humfuata mpigaji. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kitenzi kusindikiza, na wanamuziki wamekitumia tangu zamani kwa gitaa linaloibeba sauti ya mwimbaji. Anayemsindikiza mgeni hadi stendi hachagui njia. Mgeni akikata kona, naye hukata. Ndiyo maana napendekeza "kinanda sindikizi", kivumishi kilichoundwa kama tunavyosema bei elekezi au kauli chochezi. Usindikizaji utakuwa ile kazi, na staili itabaki staili.

Neno kinanda lenyewe limesafiri sana na halihitaji kuonewa huruma. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa chombo cha nyuzi, na katika Zaburi ya 150 ya Biblia ya Kiswahili bado limesimama pamoja na kinubi. Baadaye likahamia kwenye ogani ya kanisani, kwenye kodiani, hata kwenye mashine ya santuri. Kando ya ziwa, Wajaluo huiita kodiani onanda, na masikio hayahitaji mwalimu kusikia neno hilo lilitoka wapi. Chombo kipya kikiingia, jina lile lile hunyooshwa likifunike. Kibodi, ambalo baadhi ya watu wanalipendelea, limeshachukuliwa na kompyuta.

Kwa nini basi tusiseme mdundo badala ya staili? Hapa historia inasaidia. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani iliuza Sideman, kabati lenye sahani inayozunguka ndani na kugusa vituo vya umeme, kikatoka kishindo cha waltz, tango au rumba. Sideman ilikuwa mashine ya midundo na si zaidi. Mpigaji akihama kutoka C kwenda G, yenyewe haina habari. Upande wa pili, Hammond walikuwa wameanza mwaka 1950 kuuza ogani ambayo kibonye kimoja cha kushoto kilitoa kodi nzima. Ogani za nyumbani za miaka ya 1970 zikaviunganisha vitu hivyo viwili: mashine iliyoshika mwendo ikaanza pia kusikiliza mkono wa kushoto, na besi ikatembea kufuata kodi. Kile kinachosikiliza ndicho staili. Mdundo ni kiungo kimoja tu ndani yake, tena kiungo kisichosikiliza.

Tukifungua faili ya staili ya Yamaha, jambo hilo linaonekana waziwazi. Ndani yake mna sehemu nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu ya kujaza nyuma, na mbili za vijisauti vya kupamba. Fundi hurekodi zote akishika kodi moja tu akilini, kwa kawaida C meja seveni. Kisha huandika kanuni za kuhama. Besi na ihame pamoja na mzizi wa kodi. Piano ya nyuma isiruke, itafute noti iliyo karibu. Ngoma isiguswe kabisa, kwa maana ngoma ikipandishwa kutoka C hadi G haitapanda sauti. Itageuka kuwa toazi au kengele. Kisha kuna vipande: kianzio, sehemu kuu A hadi D kwa vinanda vikubwa, kijazio cha kuvukia kutoka sehemu moja hadi nyingine, kituo, na kimalizio. Wapigaji wengi huita kijazio "roli", neno la wapiga dramu, na sioni sababu ya kuwazuia.

Mambo yalianza kwenda mbio mwaka 1980, Casio ilipoleta Casiotone, na Yamaha nayo ikaingia sokoni na vinanda vidogo vya kubebeka. Mwaka 1981 ikaja Casio MT-40. Midundo yake ilitengenezwa na Okuda Hiroko, msichana aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki. Mmoja wake, ulioitwa "rock", uliangukia mikononi mwa vijana wa Jamaika, na mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautolea "Under Mi Sleng Teng", wimbo uliofungua zama za rege ya kidijitali. Kilichopangwa Japani kikawa mali ya watu wengine kabisa.

Mwaka 1983 ulileta MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya umeme, na staili ikawa orodha ya maagizo: noti gani, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Maagizo hunakiliwa kwa urahisi. Roland ikatoa E-20 mwaka 1988, Korg ikatoa i3 mwaka 1993, na mpigaji akaweza kuhifadhi kazi yake kwenye diski. Diski ikaja kuipisha flashi. Kwangu mimi hatua hii inapita hata kung'ara kwa sauti za Genos, kinanda kikubwa cha Yamaha cha mwaka 2017, kwa sababu iliondoa staili mikononi mwa kiwanda. Yamaha walitengeneza matoleo maalumu kwa soko la Uarabuni na la India. Mpigaji wa Kondele, Kisumu, hakungoja toleo lake. Alinakili staili ya mwenzake, akabadilisha besi, akaongeza kasi, akaihifadhi kwa jina jipya.

Ohangla iliwafaa sana mafundi hao. Asili yake ni seti ya ngoma ndefu zilizowambwa ngozi ya kenge na kupigwa kwa vijiti, pamoja na filimbi na orutu, fidla ya uzi mmoja. Katika miaka ya 2000 Tony Nyadundo na wenzake waliipeleka redioni na kwenye kumbi za Nairobi, na kinanda kikachukua nafasi ya nyuzi na filimbi. Pwani na visiwani jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea: taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ya kina East African Melody, ilikiweka kinanda mahali pa safu nzima ya fidla. Ila ohangla haikuziacha ngoma zake. Palipo na mpiga ngoma jukwaani, mpigaji kinanda huzima zile sehemu mbili za ngoma ndani ya staili na kubakiza besi na kodi. Hapo neno mdundo linashindwa kabisa: mdundo umezimwa, na staili bado inacheza.

Halafu kuna pakruok, ile desturi ya mtu kulipa muziki usimame ajisifu, amsifu rafiki, au ataje kijiji cha wakwe zake. Mzee mmoja huinuka na noti mkononi. "Omera, simamisha kidogo," humwambia mwimbaji. "Jaduong', uwanja ni wako," mwimbaji humjibu na kumpa maikrofoni. Bendi ya watu wanane ingehitaji kuangaliana usoni ili isimame pamoja. Mwenye kinanda ameshawasha kitufe cha kusimamisha kwa mkono. Akiinua vidole vya kushoto, bendi yote inanyamaza. Mzee anamaliza sentensi yake, watu wanashangilia, vidole vinashuka, besi inarudi juu ya kodi ile ile. Akitaka kumchochea mzee aendelee, huachia besi kidogo chini ya maneno yake, halafu huikata tena. Sidhani wahandisi waliobuni kitufe hicho walifikiria majigambo ya Nyanza, lakini hakuna mahali nimekiona kikifanya kazi kwa bidii zaidi.

Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ni ngumu zaidi. Gitaa la D. O. Misiani na Shirati Jazz lilijengwa juu ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na mapigo yake ni sentensi zinazoulizana na kujibizana na sauti ya mwimbaji. Si kodi zinazokwanguliwa tu. Ukiipa staili sentensi kama hiyo kisha uihamishe kwa kanuni, inatoka ikiwa na noti sahihi na vidole visivyowezekana: mpiga gitaa wa kweli angehitaji mkono wa tatu. Yamaha walilitambua tatizo hilo, na mwaka 2008, katika kinanda cha Tyros3, wakaleta aina mpya ya faili inayohamisha gitaa kwa kufuata mahali vidole vinapokaa kwenye nyuzi. Aina hiyo inasaidia gitaa la ridhimu. Gitaa la solo la benga bado linahitaji mkono wa kulia wa mpigaji, ama mpiga gitaa mwenyewe aitwe.

Kimebaki kipengele cha sauti ya ngoma. Orodha ya kimataifa ya ngoma za MIDI, iliyokubaliwa mwaka 1991, ina bongo, konga na timbali. Ngoma ya ngozi ya kenge haimo. Fundi wa staili hulazimika kuazima konga kavu na timbali, azipandishe na kuzishusha hadi zikaribie. Vinanda vya bei ya juu vya Korg na Yamaha vinamruhusu mwenyewe kurekodi ngoma halisi na kuiingiza ndani. Vile vidogo, ambavyo ndivyo vingi kwenye harusi za vijijini, vinapokea faili ya staili lakini havipokei sauti mpya. Kwa hiyo staili moja, ikitoka kinanda kikubwa mjini na kuingia kidogo kule Usenge, hupoteza ngoma yake njiani na kupewa konga.