Cliff 'Em All: Kumbukumbu iliyorekodiwa kwa wizi

Kuna kanda ya video ambayo mtu wa televisheni akiiona ataikataa ndani ya dakika mbili. Picha inatikisika. Kichwa cha mtu wa mbele kinaziba nusu ya jukwaa. Taa zikiwaka zote picha inageuka nyeupe, zikizimwa unabaki na giza na kelele. Sauti yenyewe inakoroma kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Kanda hiyo inaitwa Cliff 'Em All, bendi ni Metallica ya Marekani, na ilitoka mwishoni mwa mwaka 1987. Kwangu mimi hakuna video nyingine ya bendi ile inayoifikia, na wamezitoa nyingi, tena za gharama.

Najua wadau wengi wa hapa ni watu wa Bongo Fleva na dansi, na kila nikigusa muziki wa metali lazima atokee mmoja wa kuniuliza kama niko salama nyumbani. Niko salama. Leo nivumilieni kidogo, maana habari hii si ya magitaa peke yake. Ni habari ya nani anatunza kumbukumbu, na nani anakuja kuitwa mwizi baadaye kwa kazi ileile.

Tuanze na Cliff mwenyewe. Cliff Burton alizaliwa California tarehe 10 Februari 1962. Mwaka 1982 Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, na James Hetfield, mwimbaji wake, walikwenda kwenye klabu ya Whisky a Go Go mjini Los Angeles kuangalia bendi iliyoitwa Trauma. Wakasikia solo kali, wakaanza kumtafuta kwa macho mpiga gitaa anayeipiga. Kumbe si gitaa la solo. Ni besi. Wakamtaka ajiunge nao, naye akatoa sharti moja: mimi sihamii Los Angeles. Basi wakahama wao, wakamfuata San Francisco. Hebu fikiria, bendi nzima inafunga virago kwa ajili ya mpiga besi! Kwenye bendi nyingi mpiga besi ndiye mtu ambaye jina lake hulikumbuki hata kama umenunua albamu zote.

Alikaa nao miaka mitatu na nusu, albamu tatu: Kill 'Em All (1983), Ride the Lightning (1984) na Master of Puppets (1986). Alikuwa amesoma muziki chuoni, alimpenda Bach, na wenzake wamesema mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyewafungua masikio kuhusu namna sauti mbili zinavyoweza kutembea pamoja ndani ya wimbo mmoja. Wakati wanametali wote wa California wanabanwa na suruali za kushika ngozi, Cliff alikuwa amevaa bugaluu la miaka ya sabini na koti la jinzi. Hakujali.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1986 walipiga Solnahallen, Stockholm. Baada ya shoo wakapanda basi kuelekea Copenhagen. Kirk Hammett, mpiga gitaa, amesimulia kwamba yeye na Cliff walichomoa karata kuamua nani alale kitanda kipi, na Cliff akachomoa ree ya shupaza. Alfajiri ya tarehe 27, karibu na Ljungby kusini mwa Uswidi, basi likaserereka na kupinduka. Cliff akarushwa nje kupitia dirishani, basi likamwangukia. Alikuwa na miaka 24.

Sasa hapa ndipo kanda inapoingia. Ni jambo ambalo sisi tunaorekodi mpaka sahani ya chipsi tunaweza tusilielewe haraka: Metallica hawakuwa na video. Enzi hizo MTV ndiyo iliyokuwa ikitengeneza na kuua wanamuziki, lakini hawa walikuwa wamegoma kutengeneza video za nyimbo, na wakajivunia kugoma huko. Video yao ya kwanza ya wimbo, ya “One”, ilitoka mwaka 1989. Kwa hiyo wakati Cliff anafariki, ukitaka kumwona akitembea, akicheka, akitikisa lile linywele jekundu mpaka unamwonea huruma shingo, ungemwona wapi? Kulikuwa na picha chache za watu wa televisheni na za matamasha makubwa. Nyingine zote zilikuwa kwenye makabati ya mashabiki waliokuwa wamerekodi bila ruhusa.

Bendi ikazitafuta hizo. Tena hawakuficha. Walieleza wazi kwamba sehemu kubwa ya wanachouza ni mikanda ya wizi iliyopigwa na mashabiki, na kwamba wao wenyewe waliwahi kuapa kuwa hawatatoa video. Hiyo ndiyo kanda yao ya kwanza ya video kuuzwa rasmi.

Ukiiangalia leo unakutana na mambo ambayo kamera ya kulipwa isingehangaika nayo. Kuna klabu ya The Stone, San Francisco, Machi 1983, siku chache tu tangu Cliff aanze kupanda jukwaani na bendi hii. Dave Mustaine bado yumo, wiki chache kabla hajafukuzwa na kwenda kuanzisha Megadeth. Cliff anapiga solo yake ya besi, anakanyaga kile kifaa cha mguuni kinachofanya nyuzi zilie kama mtu, na wala haangalii watu. Ni mtoto wa miaka 21 kwenye jukwaa dogo, lakini anapiga kama vile uwanja mzima umejaa mbele yake. Halafu unaruka hadi Agosti 1985, tamasha la Day on the Green, Oakland, na uwanja kweli umejaa. Halafu Ujerumani, Septemba mwaka huohuo. Halafu Detroit, Aprili 1986, wakimfungulia jukwaa Ozzy Osbourne, na hapo kamera iko katikati ya umati, inapigwa kikumbo, mpigaji anahangaika kumrudisha Cliff katikati ya kioo.

Huyo mpigaji wa Detroit namfikiria sana. Kamera za video za mikononi za wakati ule hazikuwa za kuficha mfukoni. Zile zenye mkanda ndani yake zilianza kuuzwa mwaka 1983, na ulizibeba begani kama mkungu wa ndizi. Kuipitisha mlangoni kwenye ukumbi wa Marekani, ambako kurekodi kulikatazwa, kisha kusimama nayo kati ya vijana wanaorushana huku na huku, si kazi ya mtu anayetafuta hela. Ni kazi ya mtu anayeogopa kusahau. Na ukitazama vizuri utaona kitu cha ajabu: kamera ya kitaalamu humfuata mwimbaji, lakini ya shabiki inamfuata yule anayempenda. Ndiyo maana kwenye kanda hii unaona vidole vya Cliff kwa muda mrefu kuliko mwongozaji yeyote wa kulipwa ambavyo angekubali.

Kati ya wimbo na wimbo kuna wale waliobaki, wamekaa na bia zao, wanataniana na kutambulisha vipande. Hawalii. Hakuna muziki wa huzuni. Kuna watu waliolaumu jambo hilo, mimi naliona ndilo la kweli kuliko yote. Nani hajawahi kwenda msibani akakuta vijana wa marehemu wako uani wanacheka hadithi zake? Ila mwangalie Jason Newsted. Ameingia kwenye bendi Oktoba 1986, mwezi mmoja tu baada ya ajali, na sasa yumo humohumo kwenye kanda ya kumsifu mtu aliyemrithi. Mwaka uliofuata ikatoka ...And Justice for All, albamu ambayo besi yake wameizamisha chini mpaka unaitafuta kwa tochi. Sisemi zaidi. Kanda inatosha.

Linganisha na zilizofuata. Mwaka 1992 walitoa A Year and a Half in the Life of Metallica, kanda mbili, mwongozaji Adam Dubin, akiwafuata studio One on One wakirekodi ile albamu nyeusi na prodyuza Bob Rock, kisha ziarani. Ni nzuri, na mtu anayetaka kujua jinsi albamu inavyopikwa aitafute. Mwaka 2004 ikaja Some Kind of Monster ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky, ambamo bendi inamlipa mshauri dola 40,000 kwa mwezi ili wasigombane. Hiyo nayo ni shule. Lakini katika zote mbili kila mtu anajua kwamba kamera imekuja, na imealikwa. Wanametali ni waigizaji kama wengine.

Turudi nyuma kidogo, maana wizi huu una ukoo. Metallica wenyewe ni mtoto wa kanda za kudurufu. Lars alipokuwa kijana alikuwa mmoja wa wale waliobadilishana kaseti kwa posta, wanatumiana muziki wa bendi za Uingereza ambao dukani haupo. Julai 1982 bendi ikarekodi kaseti ya majaribio, No Life 'til Leather, nyimbo saba. Ikadurufiwa, ikadurufiwa tena kutoka kwenye iliyodurufiwa, ikatembea mpaka ikafika New Jersey kwenye duka la Jon Zazula. Aliyezaliwa zama za kaseti anajua kinachotokea: nakala ya tano ina mvumo, ya kumi inasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa. Hata hivyo Zazula aliposikia akawaita, akajibana kifedha, na yeye na mkewe Marsha wakaanzisha lebo ya Megaforce kwa ajili yao. Kill 'Em All ikatoka Julai 1983. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kudurufu kaseti ile. Bila hizo nakala hakuna Metallica.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2000 yaliwakata watu maini. Wimbo wao ambao haujakamilika, “I Disappear”, ulianza kusikika redioni kabla haujatoka, wakaufuatilia wakakuta umevuja kupitia Napster. Tarehe 13 Aprili wakaishtaki kampuni hiyo. Mwezi Mei Lars akafika mwenyewe kwenye ofisi za Napster, San Mateo, na karatasi zaidi ya 60,000 zenye majina ya watumiaji 335,435 waliodaiwa kusambaza nyimbo zao. Julai akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2001, na mwaka 2002 Napster ile ikafilisika.

Nimtendee haki Lars. Kaseti unayomdurufia rafiki yako kwa mkono, ukaandika majina ya nyimbo kwa kalamu na kulipia stempu, si sawa na faili linaloenda kwa watu milioni moja usiku mmoja likiwa halijapungua hata punje. Na wimbo ambao mwenyewe hujaumaliza una haki ya kukaa nao. Kwa hilo alikuwa sahihi, na wanamuziki wengi waliomcheka wakati ule walikuja kulia baadaye. Mwezi Desemba 2012 alikaa jukwaa moja na Sean Parker, mmoja wa waliokuwa wameanzisha Napster, kutangaza kwamba nyimbo za Metallica zinaingia Spotify. Dunia haina adabu.

Kinachonikera si kesi, ni ile orodha. Mwaka 1987 walipokuwa wanahitaji sura ya rafiki yao, waliokaidi mlinzi wa mlangoni walikuwa ndugu. Miaka kumi na mitatu baadaye waliokaidi wakawa mstari kwenye karatasi, na akaunti zao zikafungwa. Sheria ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anahitaji nini. Na sidhani kama ni jambo dogo, kwa sababu ukiuliza leo Cliff Burton anaonekana wapi, jibu ni kwenye vipande vilevile, sasa viko YouTube, vimepandishwa na watu wengine ambao pia hawakuomba ruhusa. Kijana aliyezaliwa baada ya basi lile kupinduka, kama mimi, anamjua Cliff kwa sababu ya mkono wa mtu uliotetemeka Detroit.

Bendi yenyewe imeendelea kurudi kwenye kabati hilo. Mwaka 2015 waliitoa upya No Life 'til Leather, na wakaitoa kama kaseti. Mwaka 2017 wakatoa boksi kubwa la Master of Puppets, lenye santuri, CD, DVD na kitabu cha picha. Ndani yake kuna kaseti moja. Ni shoo ya Stockholm, Septemba 1986, ya mwisho ya Cliff, saa chache kabla ya safari ya basi. Aliyeirekodi ni shabiki.