Auckland: Takwimu zilikuwepo, hazikusomwa

Sisi waandishi wa programu tuna tabia moja mbaya. Tarakilishi hutuandikia kila hitilafu, nasi hatusomi mpaka mtambo uzime. Leo nawaletea kisa cha kweli cha namna hiyo, ila waliolipia ni akina mama.

Kabla ya saratani ya mlango wa kizazi kuanza, seli za pale hubadilika kwanza, mara nyingi kwa miaka mingi. Mwaka 1943 George Papanicolaou na Herbert Traut walichapisha kitabu kuhusu namna ya kuzitambua kwa darubini. Tiba ilikuwa kisu: kukata kipande chenye umbo la pia, au kuondoa kizazi chote.

Mwaka 1966, hospitali ya National Women's mjini Auckland, New Zealand, ilimruhusu daktari Herbert Green kuwafuatilia baadhi ya wagonjwa bila kuyaondoa mabadiliko hayo. Aliamini hayageuki saratani. Wagonjwa wenyewe hawakuambiwa kwamba wamo katika utafiti.

Majibu ya vipimo yaliendelea kurundikana kwenye mafaili. Hatimaye wenzake, akiwemo William McIndoe, wakapiga hesabu na kuichapisha mwaka 1984. Kati ya wanawake 817 ambao vipimo vyao vilikuwa safi miaka 2 baada ya kuhudumiwa, 12 walipata saratani. Kati ya 131 ambao vipimo vyao bado vilikuwa na kasoro, walioipata ni 29.

Mwaka 1987 Sandra Coney na Phillida Bunkle waliifichua habari hii katika jarida la Metro. Tume ya Jaji Silvia Cartwright ikatoa ripoti mwaka 1988, na haki za wagonjwa nchini humo zikaanza kuandikwa upya. Utafiti wa mwaka 2008 ulirudia mafaili yale: katika miaka 30, saratani iliwapata asilimia 31 ya walioachwa na kasoro, na asilimia 0.7 tu ya waliotibiwa vizuri tangu mwanzo.

Siku hizi kazi ya kisu mara nyingi hufanywa na kitanzi cha waya chenye umeme, mbinu aliyoieleza Walter Prendiville na wenzake wa Bristol mwaka 1989. Ganzi kidogo, dakika chache, mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Lakini wale 131 wanatufunza jambo jingine: baada ya kukatwa, lazima urudi kupimwa. Na majibu yakija, jamani, yasomwe.