"Dawa" na "Dawa za Kulevya": Kutafsiri Shtaka la DUI

Mama amemeza kidonge cha usingizi alichoandikiwa na daktari, akalala, akaamka alfajiri kuwahi zamu. Barabarani Los Angeles gari linayumba, polisi anamsimamisha. Kipima ulevi kinaonyesha sifuri. Anaamriwa atembee hatua tisa, kisigino kikigusa vidole, kisha asimame kwa mguu mmoja, anapepesuka. Damu inachukuliwa. Mahakamani mkalimani anamwambia ameshtakiwa kwa "kuendesha gari akiwa amelewa dawa za kulevya." Mama ambaye hajawahi kuonja hata mbege anaangua kilio.

Mfano nimeutunga, ila kosa la tafsiri lililomo ni rahisi mno kutendeka, na linaumiza.

Herufi DUI zinasimamia maneno ya Kiingereza *driving under the influence*. Uzito uko kwenye neno la mwisho. Kuna wanaolitafsiri "ushawishi", lakini ushawishi ni wa maneno na wa watu. Kidonge hakimshawishi mtu. Kinachozungumzwa ni athari: je, kilichomo mwilini kimempunguzia dereva uwezo wa akili au viungo hata akashindwa kuendesha kwa uangalifu wa mtu asiyetumia kitu?

"Kulewa" nalo lingefaa kwa asili yake. Mtu hulewa usingizi, hulewa madaraka, na anayeyumba tunasema analewalewa. Lakini masikioni mwa wengi leo, aliyelewa amekunywa pombe, basi.

Penye hatari kubwa ni *drug*. Kiingereza kinatumia neno hilo moja kwa kidonge cha mgonjwa na kwa heroini. Kiswahili kinatenganisha: dawa hutibu, dawa za kulevya, au mihadarati, ni jambo la aibu na jela. Mkalimani akiongeza "za kulevya" pale ambapo hati ya mashtaka haikutaja, amekwisha kumhukumu mama yule kabla ya hakimu. Kwa hiyo napendekeza: *kuendesha gari ukiwa na athari ya kileo au dawa*. Ni ndefu kidogo, lakini haimsingizii mtu.

Na dawa yenyewe tuiite "dawa aliyoandikiwa na daktari". Tusiseme "dawa halali", maana hapo mshtakiwa atadhani cheti cha daktari kimemaliza kesi. California, kifungu cha 23630 cha sheria ya magari kinasema wazi kwamba kuwa na haki ya kutumia dawa si utetezi. England na Wales, sheria iliyoanza kutumika tarehe 2 Machi 2015 iliweka viwango vya dawa kadhaa kwenye damu, diazepam ikiwemo, na inamkinga aliyefuata maelekezo ya daktari. Lakini ikithibitishwa kwamba uendeshaji wake uliathirika, anaweza kushtakiwa kwa kosa jingine lisilo na kinga hiyo. Hata hivyo cheti si karatasi bure. Wakili hukihitaji, kwa kuwa dawa kuonekana kwenye damu ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba ilimwathiri dereva ni jingine.

Maneno ya mama, "nilimeza jana usiku", nayo yatafsiriwe yalivyo, bila kupunguza wala kupamba. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza dozi ya kuanzia ya zolpidem, dawa ya usingizi, kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi dawa ingeweza kubaki mwilini kwa kiasi cha kumtatiza dereva. Mama alisema kweli, na bado huenda aliathirika.

Istilahi hii si ya wahamiaji kama mama yule peke yao. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinataja kinywaji na dawa pamoja.

Wakalimani wenzangu, hati ikisema dawa, semeni dawa. Nawe uliyeshtakiwa mara ya kwanza, kabla hujakiri kosa, mwombe wakili akutajie kwa jina ni dawa gani iliyoonekana kwenye damu yako.