Tegu wa nguruwe: tatizo ni kubwa kiasi gani Mbulu na Hanang?

Kwa kaya nyingi za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, nguruwe ni akiba ya kuuza ada ya shule inapohitajika. Lakini nguruwe huyo anaweza kubeba tegu, mnyoo ambaye ni miongoni mwa visababishi vya kifafa.

Takwimu zinasemaje?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu. Asilimia 17.4 walikutwa na vivimbe vya tegu, yaani takriban mmoja kati ya sita. Ukaguzi wa ulimi humpita nguruwe mwenye vivimbe vichache, hivyo idadi halisi huwa kubwa zaidi.

Kwa upande wa binadamu, utafiti uliofanyika Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu, ulipiga picha za ubongo za wagonjwa wa kifafa. Karibu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za vivimbe vya tegu kwenye ubongo.

Maambukizi yanapitaje?

Anayekula kitimoto chenye vivimbe, kisichoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho na kupata vivimbe.

Mayai hayohayo yakimfikia mtu kinywani, kwa mikono michafu, maji au mboga, vivimbe vinaweza kuota kwenye ubongo wake. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kupata kifafa, iwapo wa nyumbani au jirani ana tegu. Kifafa chenyewe hakiambukizi: povu la mgonjwa halina madhara, na anayeanguka asiachwe bila msaada.

Tufanye nini?

- Kila kaya iwe na choo na ikitumie, watoto pia.
- Nguruwe wafugwe bandani.
- Nyama ikaguliwe na afisa mifugo kabla ya kuuzwa, hata nguruwe akichinjwa nyumbani.
- Nyama ipikwe hadi iive ndani. Ya kuchoma huweza kuungua nje ikabaki mbichi katikati.
- Osha mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.
- Anayeona vipande vya mnyoo kwenye choo, au aliyeanguka kifafa, aende kituo cha afya. Asijinunulie dawa ya tegu: kwa mwenye vivimbe kwenye ubongo, dawa hiyo inaweza kuleta degedege.