Ukifuga samaki wa mwambani huku Juja, msafishaji mwache baharini

Mimi ni mtu wa Kilifi niliyeletwa Juja na kazi. Nikiikumbuka bahari, hulitazama tangi langu la kioo la lita 200 lililo sebuleni. Wenzangu wa Pwani walioko bara huniuliza wafuge samaki gani. Leo nitaeleza jamii moja tu, Labridae, ndugu zake pono.

Wa kwanza niliyemnunua alikuwa msafishaji, Labroides dimidiatus: mwembamba, hafiki sentimita 15, ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Baharini huwa na kituo chake mwambani. Chewa na changu humwendea, wakampanulia midomo, naye akawatoa wadudu wanaowanyonya. Hicho ndicho chakula chake. Kwangu hakupata wateja wa kutosha, na chakula cha kopo hakukitaka. Tumbo likabonyea, na wiki ya tano nikamkuta amekufa. Nilimkumbuka yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza anakula nini.

Hasara yake haiishii sebuleni. Kule Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka 8. Samaki wakaazi wa miamba hiyo wakawa pungufu kwa zaidi ya thuluthi moja kuliko kwenye miamba iliyoachiwa wasafishaji wake. Pwani yetu nayo huvuliwa samaki wa mapambo wa kuuzwa ng'ambo, na msafishaji ni miongoni mwao. Kila anayetolewa ni zahanati iliyofungwa, na mvuvi wa chewa ndiye atakayeiona hasara.

Anayefaa nyumbani ni mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Hafiki sentimita 10, hula vipande vya kamba waliogandishwa, na huwinda vidudu kwenye mawe ya tangi. Ila ni mgomvi. Mfuge mmoja tu, na mtie baada ya wengine wote kuzoea.

Juja iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hivyo maji hushika oksijeni kidogo kuliko Pwani. Pampu iutikise uso wa maji usiku na mchana, na uwe na ya betri stima ikipotea. Baridi ya Julai inahitaji hita. Joto libaki kati ya nyuzi 24 na 27. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza, kisha yatiwe chumvi maalum ya tangi la bahari, si ya jikoni, hadi kipimo kisome 1.025. Funika kwa wavu, maana huruka nje. Usiku hujifunika utando wa ute, usidhani anaumwa.

Wangu, alhamdulillah, yuko mwaka wa pili. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asipokula, usimchukue.